Kilemba cha Ustadhi Nabi Bakhsh

Alhamisi ile baba alipokufa, simu yake iliita kabla hatujamwosha. Ilikuwa mfukoni mwa kizibao chake, nacho kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari juu ya godoro lake. Kaka yangu Rauf aliipokea. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji ya moto, nikasikia kila neno, kwa sababu Haji Shirindil huzungumza kwenye simu kama anamwita mtu aliye juu ya paa. Haji huyu ni mwenye duka la vyuma, na siku hiyo alikuwa anamwoza mwanawe. Alitaka kujua ustadhi, yaani baba, mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za vidole, atafika saa ngapi, maana wageni wa kutoka Logar walikuwa wameshaanza kuingia.

Rauf akamwambia baba amefariki alfajiri.

Haji akasoma inna lillahi. Kisha akauliza ulikuwa ugonjwa gani, akamsifu marehemu kuwa hakuwa mtu wa makuu. Halafu akasema kwa kubembeleza, "Sasa, Rauf jan, si wewe mwenyewe unapiga tabla? Njoo basi wewe. Maiti huzikwa mapema, hadi alasiri mtakuwa mmeshamaliza."

Rauf alisema hataweza. Akaomba radhi. Hilo la kuomba radhi lilinichefua kuliko simu yenyewe. Baba yetu yuko nyuma yake amefunikwa shuka, na yeye amesimama wima, mkono kifuani, anamwomba radhi muuza misumari kwa kumharibia sherehe.

Naandika haya kwa sababu watu wameshaanza kuyasimulia vingine.

Tulimzika siku hiyo hiyo kwenye makaburi ya Shuhada-e Salihin, hapa Kabul, alipo babu. Imamu alisoma harakaharaka kama mtu anayeogopa kuonekana mahali hapo. Matangani walikuja watu wengi kuliko tulivyodhani. Walikuja wafanyabiashara ambao kwa miaka yote walicheza kwa mapigo ya baba mpaka viatu vikawatoka, na asubuhi yake wakipishana naye sokoni wanageuza uso, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anasalimiana na mpiga tabla. Walikaa, wakainua viganja, wakala. Upande wa wanawake, mke wa muuza nyama alinishika goti akanifariji. "Huenda Mungu atamsamehe mikono yake," akasema, halua imemjaa kinywani, akanyoosha mkono wake mwenyewe kwenye sinia kuongeza.

Kabla wiki haijaisha, Homayun, aliyekuwa mwanafunzi wa baba, alipiga simu kutoka Hamburg. Alimlilia mama kwenye simu kwa muda mrefu. Akasema atakuja kwa arobaini, hata iwe vipi. Baada ya kumlilia mama, alimpigia mzee Sabir, mpiga kinanda ambaye ndiye mkubwa wa mtaa wetu wa wapiga muziki, Kharabat, akamuuliza kama suala la kilemba limeshazungumzwa.

Kwetu, ustadhi akifa, siku ya arobaini wazee hukaa na mtu mmoja hufungwa kilemba kwa kitambaa cha marehemu mwenyewe. Huyo huitwa khalifa. Ndiye anayeshika mahali pa marehemu, anayeulizwa mapigo yake yalikuwaje, anayesema fulani amefundishwa na sisi na fulani hakufundishwa. Kabla ya kufungwa, lazima alitaje jina la ustadhi wake mbele ya watu, huku ameshika sikio. Hakuna mtu wa Kharabat anayelitaja jina la ustadhi wake bila kushika sikio, hata akiwa peke yake jikoni. Ni kusema kwamba nilichonacho kiliingia kupitia hapa, na ni yeye aliyekiingiza.

Sisi sote tulidhani kilemba ni cha Rauf.

Baba alifundishwa na babu katika nyumba hii hii, kabla makombora hayajaiangusha na sisi kuijenga upya kwa matofali ya udongo. Babu hakumruhusu kugusa ngozi ya ngoma mpaka ulimi wake uweze. Ilibidi kwanza ayatamke mapigo yote kwa mdomo, dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, akienda kununua mkate, akirudi, akichota maji. Vijana wa uchochoro wa washona viatu walimfuata nyuma wakimwiga kwa kutikisa makalio. Alipopewa ngoma hatimaye, ya kulia ya mti na ya kushoto ya shaba, babu alimwekea istikani ya chai juu ya mgongo wa kila mkono. Ikimwagika, hakuna chai. Majira ya baridi familia yote ilijifunika mfarishi mmoja juu ya meza yenye makaa chini yake, na baba alipiga ubao wa meza kwa vidole mpaka bibi alimfukuza akapige ukutani.

Baba akaingia redioni, akakaa nyuma ya waimbaji wakubwa wa wakati ule. Kazi yake ilikuwa kumfanya mwimbaji aonekane anajua anakokwenda. Vita vilipokuja tukahamia Peshawar, ng'ambo ya mpaka, kwenye chumba cha ghorofani katika mtaa wa wapiga muziki, ambako wateja walipanda ngazi kuja kutukodi kama wanavyokodi mkokoteni. Tukarudi Kabul. Popote tulipokaa, mambo yalikuwa yale yale. Wanakuita, wanakutuza kwa kukurushia noti sakafuni ili uinamie, wanakulisha wa mwisho, na nyuma yako wanatema mate.

Homayun hakuwa wa kwetu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za kondoo wa karakuli, na nyumba yao katika mtaa wa matajiri wa Shahr-e Naw ilikuwa na bustani ya mawaridi. Mtu wa nyumba kama ile akipiga tabla kwa mapenzi tu, bila kupokea malipo, watu humsifu kuwa ana moyo mpana. Sisi tunaopiga ili tule, tunaitwa majina nisiyoyaandika hapa. Ngoma ni ile ile na pigo ni lile lile.

Alikuja kwa baba akiwa kijana, mimi nikiwa bado napeleka chai chumbani mwa baba, na kwa miaka yote aliyokuja alipita uchochoro wa nyuma, ule wa mtaro wa maji machafu, ili mtu wa Shahr-e Naw asimwone. Alikuwa anaingia na matope ya mtaro kwenye viatu vyake vizuri, na mama anavifuta. Baba hakumficha kitu. Alimfundisha hata yale mapigo ambayo babu aliyatunga mwenyewe na ambayo kwa kawaida mtu humwachia mwanawe. Mama aliwahi kumuuliza kwa nini anampa mgeni vitu vya Rauf. Baba akasema Rauf yumo ndani anasikia, hakuna anachopungukiwa, na kwamba siku moja Homayun atasimama mahali ambapo sisi haturuhusiwi kusimama, na hapo atashika sikio. Hilo ndilo alilokuwa analitaka. Sijui kama aliwahi kulitaka jambo jingine kwa nguvu kama hilo.

Homayun alikula mkekani kwetu mara nyingi. Alilaza kichwa chake kwenye mto wetu. Kisha kaka yake mkubwa akaoa, na baba akaitwa kupiga huko kwenye bustani ya mawaridi. Mchana wageni walipokula, baba na wenzake waliwekwa kwenye kibanda cha kuegeshea gari, pamoja na viatu vya wageni. Sinia waliloletewa lilikuwa limeshaliwa. Wali umechimbwa upande mmoja kwa vidole, kipande cha mafuta kimetafunwa kikarudishwa, mfupa una alama za meno. Homayun alipita mlangoni akaona. Akamuuliza mtumishi kama hawa watu wameshapata chai, akaenda zake.

Baba alitusimulia jioni yake akicheka. "Angalau aliuliza chai," akasema.

Mimi sikucheka wakati ule na sicheki sasa. Kila nikipika wali, nauona ule.

Homayun akaenda Ujerumani kabla hatujakimbia. Huko akafungua chuo cha muziki, akaanza kuitwa ustadhi. Siku moja tukasikia kwamba ile televisheni ya Waafghani wa ughaibuni itamhoji. Baba aliwaita majirani. Mama akapika chai ya iliki, watu wakabanana chumbani mpaka mlangoni, mzee Sabir amewekwa mbele kabisa kwa sababu ya macho yake. Homayun alitokea amevaa joho la Kiuzbeki, lenye mistari, ambalo hakuna mtu wa Kharabat anayelivaa. Mtangazaji akamuuliza nani alimfundisha.

Homayun akashika sikio. Naiona bado ile pete kwenye kidole chake. Akalitaja jina la ustadhi mmoja mkubwa wa India, ambaye sote tulijua alikaa naye majuma machache tu.

Mtangazaji akauliza, na Kabul je?

"Kabul niliwasikiasikia wapiga ngoma wa mitaani," akasema, anatabasamu. "Mtoto husikia kila kitu."

Mtu mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

"Sikio lake linamwasha," baba akasema. "Ujerumani kuna baridi kali." Akaniambia niongeze chai.

Baadaye alisema labda walikikata kipande. Watu wa televisheni hukata. Kipindi kile kilirudiwa mara nyingi na kila kiliporudiwa baba alikaa mbele yake, ameinama kidogo, kama labda safari hii jibu litakuwa jingine. Kila Idi alimwambia Rauf ampigie Homayun. Huko kwenye simu, ambako hakuna mwingine anayesikia, Homayun alimwita "baba yangu wa roho". Baba alifurahi siku nzima. Nilikuwa natoka nje nikakae uani mpaka furaha hiyo impite, maana sikuweza kuitazama.

Akafa akisubiri jina lake litajwe.

Homayun alifika siku chache kabla ya arobaini. Nywele zake za mvi alizifunga nyuma kwa mpira, na alinukia manukato yaliyobaki chumbani hata baada ya yeye kuondoka. Alikuja na kijana wa kupiga picha aitwaye Edris, ambaye alitafuna ubani tangu alipoingia mpaka alipotoka, hata wakati wa kisomo. Safari hii Homayun alipita mlango wa mbele. Alimbusu mama mikono, akampa boksi la chokoleti, akazunguka chumba akigusa vitu. Aligusa kizibao. Aligusa msumari. Kisha akaomba, kwa sauti ya chini, kama angeweza kulala kidogo kwenye godoro la ustadhi. Mama akasema karibu mwanangu, ni kwako. Akalala, akafumba macho, na Edris akampiga picha kutoka upande wa dirisha, halafu kutoka upande wa mlango.

Nilipotoa shuka lile kwenda kulifua, mama aliniuliza kwa nini nafua kitu kisafi. Niliongeza sabuni.

Homayun aliwazungukia wazee mmoja mmoja. Sikuwapo, ila wake zao ndio majirani zetu na kuta zetu ni nyembamba. Aliwaambia atawaita wote Hamburg waje wapige kwenye ukumbi mkubwa, na kwamba huko sasa watu wana hamu na Kabul, wanataka kumwona mtu mwenye asili, mwenye kilemba alichofungwa na wazee wenyewe. Ustadhi wa Kihindi wanao wengi. Mzee Sabir, ambaye baba alimwazima nyumba wakati wa shida, alirudi kwetu akasema Rauf bado ni kijana. Rauf ana mvi mpaka kwenye nyusi.

Nilidhani Rauf atakataa. Jioni nilimkuta uani anakaza kamba za ngoma, nikamuuliza atafanya nini.

"Achukue," akasema.

"Achukue nini? Kilemba cha baba?"

"Kilemba hakimlishi mtu, dada. Yeye akikivaa, atalitaja jina la baba mbele ya watu wa maana. Mimi nikikivaa nitalitaja mbele ya nani? Mbele ya Haji Shirindil?"

Nikamwambia baba alisubiri jina hilo miaka yote na hakulisikia.

"Basi litasikika sasa."

"Nani atalisikia? Baba hayupo."

Aligonga ngoma kwa kinyundo, akategea sikio, akagonga tena. "Nataka litajwe," akasema. "Mara moja tu. Baada ya hapo mniache."

Nilimwona jinsi alivyo mtoto wa baba, na hilo halikunifurahisha. Usiniambie huo ni unyenyekevu. Nimeishi na unyenyekevu huo maisha yangu yote, nimeufulia nguo na kuupikia, na najua ulivyo. Ni watu wazuri wanaolamba mkono uliowapiga, wakiuombea usipatwe na baridi.

Mama alikitoa kitambaa sandukuni. Kilikuwa hariri ya Herat, ya kijivu, baba alikivaa Idi na siku za redio. Akanipa nikipige pasi. Nikakipiga pasi.

Siku ya arobaini wanaume walijaa chumba cha wageni. Sisi wanawake tulikaa chumba cha pili, na kati yetu kuna pazia lenye tundu ambalo kila mmoja wetu alijifanya halioni. Mimi nilikaa tunduni kwa sababu ni nyumba yangu. Walisoma Qurani, wakaomba dua, wakala pilau ya karoti na zabibu. Edris alikuwa ameweka kamera yake juu ya miguu mitatu, na kila aliyetaka kwenda kunawa ilibidi aipishe kamera kwanza.

Kisha mzee Sabir akazungumza. Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Akaeleza babu alikuwa nani na baba alikuwa nani. Akasema mahali pa mtu kama huyu hapakai wazi. Homayun akapiga magoti mbele ya wazee, kichwa wazi. Rauf alisimama nyuma yake na kitambaa.

Homayun akashika sikio lake la kulia. "Ustadhi wangu," akasema, "ni Ustadhi Nabi Bakhsh, wa Kharabat." Sauti ilikatika kwenye jina la mtaa, na chozi likashuka mpaka kwenye ndevu.

Chumba kizima kilipumua. Mama, pembeni yangu, aliufunika uso kwa shela akalia kama hajalia tangu siku ya mazishi. Mimi nilikuwa nimemchukia mtu huyu tangu ule wali wa bustanini, na kwa muda ule mfupi nilishindwa kumchukia. Nilimtazama Rauf. Akafunga kilemba, mzunguko juu ya mzunguko, polepole, akauacha mkia uning'inie mgongoni kama alivyofanya baba. Wazee wakasema mubarak.

Ndipo Edris akasema kutoka pembeni kwamba jua la dirishani limeingia, uso umekuwa mweupe wote hauonekani. Na kichwa cha mzee hapa kilikuwa mbele. Je, wanaweza kurudia kuanzia pale penye jina?

Nilidhani watamtupa nje.

Homayun alifuta macho kwa kiganja, na chini ya kiganja macho yalikuwa makavu tayari. "Wazee wangu, mtanisamehe, dakika mbili tu." Akakivua kilemba mwenyewe, akamkabidhi Rauf nyuma ya bega bila kugeuka, kama mtu anavyompa mtumishi koti. Mzee Sabir alisogezwa. Aliuliza kama akae na meno yake ya bandia au ayatoe, maana huwa yanang'aa, na watu wakacheka. Mwingine aliiweka sawa kofia yake. Wazee wale walikuwa wamekula chakula cha arobaini ya rafiki yao, na sasa walikuwa wanafuta mafuta mdomoni ili waonekane vizuri.

Homayun akashika sikio. "Ustadhi wangu ni Ustadhi Nabi Bakhsh, wa Kharabat." Sauti ilikatika pale pale. Chozi likashuka njia ile ile. Mama alikuwa ameacha kulia. Rauf akafunga tena, safari hii haraka.

Edris akatazama kwenye kamera yake, akatafuna, akatikisa kichwa. "Ustadhi, samahani, mkono unaziba mdomo. Shika sikio la huku. Na usiseme Kharabat, kule hawapajui. Sema Kabul."

"Kabul," Homayun akasema. "Sawa." Akavua kilemba, akakipeleka nyuma, akahamisha mkono kwenye sikio la kushoto, akainua kidevu. "Hivi?"

"Hivyo hivyo, usisogee."

Rauf alikipokea kitambaa. Hakukishika kama mtu anayetaka kufunga. Alikikunja, kona kwa kona, kama mama anavyokunja, akakilaza juu ya mkono wake.

"Endelea, kaka," Homayun akasema, bado amepiga magoti na mkono uko sikioni.

"Bwana Homayun," Rauf akasema. Hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alimwita kaka. "Baba alikaa akikusubiri ulitaje jina lake mara moja tu. Leo umelitaja mara mbili, na bado halina mwanga wa kutosha."

"Rauf jan, hii ni kwa ajili ya kamera tu. Kilemba nimeshafungwa, wote wameona."

"Wote wameona pia ulivyokivua."

Rauf akapita katikati ya masinia. Pazia likafunguka, wanawake wakajifunika uso, naye akakiweka kitambaa mapajani mwa mama. Kupitia pale alipoacha pazia wazi nilimwona Homayun waziwazi. Mkono wake ulikuwa bado uko sikioni, kama mtu aliyesahau alikuwa anataka kusikiliza nini, na taa nyekundu ya kamera ya Edris ilikuwa bado inawaka.

Wazee walibishana uani mpaka alasiri. Mmoja alisema kilichofungwa kimefungwa, dua imeshasomwa, kuvua ni jambo la kichwa tu. Mwingine akasema khalifa anayevua kilemba kwa amri ya mtafuna ubani si khalifa, ni kichwa cha kujaribia kofia. Mzee Sabir alisema mara ya kwanza ndiyo inayohesabika, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekubali kusogezwa ili irudiwe mara ya pili, akaanza kukohoa. Walipochoka, walimwita Rauf wakasema basi wamfunge yeye. Rauf alikataa. Alisema kitambaa kimeshachezewa, na hawezi kukivaa bila kumsikia yule kijana akimwambia asisogee. Wakamwomba mama atoe kitambaa kingine. Mama akasema hakuna kingine. Wakala pilau iliyobaki, wakaenda.

Homayun aliondoka siku ya pili, kwa adabu zote, akamwachia mama namba yake ya simu, ambayo tulikuwa nayo. Binamu yetu aliye Ujerumani ametutumia filamu yao. Wameweka ile mara ya pili, yenye mzee Sabir pembeni, na sauti wameikata baada ya jina la baba, hivyo Kharabat haimo. Anaitwa Khalifa kwenye mabango ya huko. Mama aliitazama mara moja akasema baba yenu angefurahi, na nadhani ni kweli, na ndiyo maana sijaitazama tena.

Hapa kwetu hakuna khalifa wa tabla. Rauf anapiga siku za Alhamisi na Ijumaa kwenye ukumbi mmoja wa harusi huko Taimani, na watu wa ukumbi wanamwita kwa jina lake tu.